Ukienda Famasi Kupitia Dawa Zako, Nenda na Swali Lako

Mtu mwenye presha, kisukari na maumivu ya magoti anaweza kuwa na dawa sita nyumbani: tatu za kliniki, moja aliyoandikiwa na daktari mwingine siku alipougua ghafla, moja aliyojinunulia mwenyewe, na moja ya mitishamba aliyoletewa na ndugu. Hakuna daktari aliyeziandika zote, na mara nyingi hakuna mtaalamu aliyewahi kuziona zote mahali pamoja. Mapitio ya dawa ni mazungumzo ya kuziba pengo hilo. Unakaa na mfamasia, mnachukua dawa moja baada ya nyingine, mnaangalia ni ya nini, unaitumiaje hasa, inakuletea nini mwilini, na kama inagongana na nyingine. Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia dawa kwa muda mrefu, au anayemtunza mtu wa namna hiyo, na hoja yake ni moja: mapitio humfaa mgonjwa aliyekuja na jambo lake la kuuliza. Aliyekuja kujibu maswali tu huondoka ameridhika, na dawa zake hubaki vilevile.

Wagonjwa wa England walisema nini

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka England, ambako serikali iliamua kuwalipa wafamasia wa mitaani kwa kazi ya kuzungumza na wagonjwa. Mwaka 2005 ilianzishwa huduma ya Mapitio ya Matumizi ya Dawa. Famasi iliruhusiwa kufanya mapitio hadi 400 kwa mwaka, na katika miaka ya baadaye ililipwa pauni 28 kwa kila mazungumzo. Sharti mojawapo lilikuwa kuwe na chumba au sehemu ya kukaa ambamo mgonjwa na mfamasia wanaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida bila wateja wengine kusikia. Mgonjwa hakulipa kitu. Kwa maandishi, ni huduma ambayo mtu yeyote angeitaka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliketi kwenye famasi mbili, wakatazama mashauriano zaidi ya 50 ya aina hiyo, kisha wakawahoji wagonjwa. Wagonjwa wengi walisifu: mfamasia alikuwa mpole, aliwapa muda, aliwatuliza kwamba dawa zao ziko sawa. Lakini wachache tu ndio walioona kwamba wamejifunza jambo jipya au kwamba watabadilisha namna ya kutumia dawa. Wengi hawakuwa wameomba huduma hiyo. Waliitwa wakiwa wanasubiri dawa zao, na baadhi walikubali kwa sababu ya kumstahi mfamasia. Ndani ya chumba, fomu ndiyo iliyoongoza mazungumzo. Maswali yalikuwa ya kujibiwa ndiyo au hapana, na mgonjwa aliyeulizwa kama anameza dawa kama alivyoelekezwa alijibu ndiyo, kisanduku kikawekwa alama, wakaenda kwenye swali linalofuata. Walipogusia wasiwasi wao, mara nyingi uliachwa upite. Wengine waliona mambo mazito ya dawa ni ya daktari, hivyo hawakuyatoa.

Linganisha na huduma ya pili iliyoanzishwa huko mwaka 2011, Huduma ya Dawa Mpya. Hii humlenga mtu aliyeanzishiwa dawa mpya ya magonjwa fulani ya muda mrefu. Mwanzoni yalikuwa ni pumu na magonjwa mengine ya mapafu, presha, kisukari cha aina ya pili, na matumizi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Mfamasia humtafuta mgonjwa wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa, kisha tena wiki mbili au tatu baadaye, akimuuliza imekwendaje. Katika jaribio lililowahusisha wagonjwa 504, wiki ya 10 ilipofika, asilimia 61 ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa wakitumia dawa zao ipasavyo. Kwa waliopata huduma hiyo mpya ilikuwa asilimia 71. Huduma ya kwanza ilifungwa mwaka 2021. Ya pili ingali ikitolewa, na ilipanuliwa. Wasomaji wetu wanaoishi England wanaweza kuiomba bila malipo wanapochukua dawa mpya famasi.

Tofauti kati ya huduma hizo ni nyingi, na mtu anaweza kusema kilichosaidia ni kule kufuatiliwa mara mbili. Inawezekana. Lakini angalia wakati mazungumzo yanapofanyika. Mtu aliyemeza dawa mpya kwa siku kumi ameshaonja maudhi yake madogo madogo: tumbo limemsumbua, au kizunguzungu kimemshika akiinuka kitandani, au amesikia jirani akisema dawa ile inaharibu figo. Ana swali tayari, hata kama hajaliweka katika maneno. Mtu anayekamatwa kaunta kwa ajili ya dawa aliyoizoea miaka mitano hana swali, au analo lakini amelizika. Wewe huwezi kubadili fomu za mfamasia wala mfumo wa malipo yake. Unachoweza kubadili ni hali unayoingia nayo, na hapo ndipo kazi ya mwongozo huu ilipo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza kwa kukusanya kila kitu kwenye mfuko mmoja: vidonge, sharubati, pampu ya pumu, sindano za insulini, matone ya macho, mafuta ya kuchua, vidonge vya uzazi wa mpango, vitamini, unga wa mitishamba, na hata vile vidonge vichache alivyokugawia jirani. Usivitoe kwenye pakiti zake. Kama dawa ilifungwa kwenye ile bahasha ndogo ya famasi yenye alama ya "1x3" iliyoandikwa kwa kalamu, itazame vizuri: je, jina la dawa limeandikwa? Nguvu yake kwa miligramu je? Bahasha nyingi hubeba idadi ya vidonge tu, na mwezi ukipita hata aliyeifunga hawezi kujua kilichomo kwa kukitazama. Bahasha isiyo na jina tayari ni swali la kwanza la kupeleka, na kuanzia siku hiyo omba jina la dawa liandikwe kila unapohudumiwa.

Kupanga dawa zote mezani peke yake huibua mambo. Dawa ya maumivu na dawa ya mafua zinaweza kuwa na parasetamoli zote mbili. Mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kiwango hicho huvukwa kirahisi na mwenye mafua anayemeza vyote viwili bila kusoma pakiti. Diklofenaki ya magoti hupandisha presha, na ikikutana na dawa ya presha kama enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoza, figo huweza kuumia. Anayetumia ARV zenye dolutegravir anapaswa kujua kwamba dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huzuia dawa ile kuingia vizuri mwilini. Ndiyo maana huelekezwa ameze dolutegravir angalau saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yake. Akiwa pia na kisukari na anatumia metformin, kiwango cha metformin kinahitaji kuangaliwa, kwa kuwa dolutegravir hukiongeza ndani ya damu. Hakuna sababu ya wewe kuyakariri haya yote. Yanaonyesha tu kwa nini mfamasia anahitaji kuona mfuko mzima, pamoja na vile vitu ambavyo wewe huvihesabu kuwa si dawa.

Kisha tafuta swali lako. Njia nyepesi ni kujiuliza mambo manne: nini kinanisumbua tangu nianze dawa hizi, ipi huwa naiacha, ipi naiogopa, na ipi inanishinda kuinunua. Jibu lolote kati ya hayo ni ajenda ya kutosha. Chukua mfano wa kikohozi kikavu kisichokwisha kwa mtu anayetumia enalapril au captopril. Kukohoa ni maudhi yanayojulikana ya dawa za kundi hilo, lakini mgonjwa huyanunulia sharubati ya kifua mwezi hadi mwezi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kikohozi kilianza lini. Au chukua Mwislamu mwenye kisukari anayetumia glibenclamide na Ramadhani inakaribia. Dawa hiyo huweza kushusha sukari kupita kiasi kwa mtu anayeshinda bila kula, kwa hiyo anahitaji kupangiwa upya na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Maswali ya namna hii hayamo kwenye fomu yoyote. Yamo katika maisha yako, na usipoyasema wewe hakuna atakayeyasema. Yaandike kwenye karatasi, mawili au matatu, ukianza na lile lililo zito.

Nani wa kumwendea, na saa ngapi

Anayekuhudumia kaunta anaweza kuwa mfamasia, fundi dawa sanifu, au muuzaji. Tanzania, maduka ya dawa muhimu, ambayo yalianzia Ruvuma mwaka 2003, huendeshwa na watoa dawa waliopata mafunzo maalumu. Wanasaidia sana vijijini na pembezoni mwa miji, lakini kupitia dawa sita za magonjwa matatu ni kazi inayozidi mafunzo yao. Kuuliza "Mfamasia yupo leo?" hakumvunjii mtu heshima. Kama hayupo, uliza siku na saa anayokuwepo. Kama eneo lako halina famasi yenye mfamasia, dirisha la dawa la hospitali unakohudhuria kliniki linafaa pia, na pengine linafaa zaidi, kwa kuwa faili lako lipo jirani.

Chagua saa ambayo watu ni wachache. Jioni, watu wanapotoka kazini, mfamasia ana foleni mbele yake na hawezi kukupa zaidi ya dakika mbili. Asubuhi baada ya famasi kufunguliwa, au mchana katikati ya wiki, ana nafasi ya kukusikiliza. Mwambie mapema unachotaka: "Samahani daktari, nina dawa sita, naomba unipitishie zote. Nije saa ngapi tukae kidogo?" Maneno hayo yanamfanya ajiandae, na wewe unakuwa umeshaomba muda wake, jambo ambalo wengi wa wagonjwa wa England hawakulifanya.

Faragha ni kikwazo cha kweli. Famasi nyingi zetu ni kaunta moja, watu wamejipanga nyuma yako, na hakuna kiti. Omba kona au chumba cha nyuma, pakiwepo utapewa. Pasipokuwepo, weka pakiti mezani na uoneshe kwa kidole badala ya kutaja majina, na karatasi yako ya maswali mpe asome mwenyewe. Kwa ARV, au dawa za magonjwa ya akili, au jambo lolote usilotaka mtaa ulijue, fanya mapitio huko huko unakochukulia dawa, kwenye CTC (kliniki ya wanaotumia ARV) au kliniki ya hospitali, ukiwa na dawa zako zote nyingine mkononi. Usikubali kukosa faragha kukufanye ufiche dawa moja na kuonyesha tano, kwa maana ile moja inaweza kuwa ndiyo inayogongana.

Mkikaa, anza wewe

Usisubiri kuulizwa. Sema swali lako la kwanza kabla pakiti hazijafunguliwa. Halafu sema ukweli kuhusu unavyotumia dawa, na ukweli huo ndio mgumu. Mtu akiulizwa kama anameza dawa kila siku, jibu la adabu ni ndiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wanaofuata matibabu ya muda mrefu inavyotakiwa ni takriban nusu tu ya wagonjwa. Anayeruka dozi, basi, yuko kwenye kundi kubwa na hana la kuonea aibu. Mficha uchi hazai: ukisema unameza kila siku na kumbe unaruka siku za safari, presha itakayoonekana imekataa kushuka itaongezewa dawa ya pili, wakati tatizo lilikuwa ni kwamba ile ya kwanza hukojoza na wewe husafiri kwa basi. Mfamasia anayejua hilo anaweza kukuelekeza saa nyingine ya kuimeza, au kumwandikia daktari apendekeze nyingine.

Kwa kila dawa, hakikisha umepata majibu ya maswali matatu: ni ya nini, nitajuaje kama inafanya kazi, na nitaitumia mpaka lini. La tatu husahaulika, na ndilo linaloibua dawa zilizokwisha kazi, kama ile ya kiungulia iliyoandikwa kwa wiki nne na sasa ina miaka miwili. Kabla ya kuinuka, rudia kwa maneno yako utakavyotumia kila dawa. Mkipishana, mfamasia atakurekebisha hapo hapo.

Kuna mpaka usiovukwa. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya ulichosikia kwenye mapitio mpaka daktari aliyekuandikia akubali. Dawa za kifafa, insulini, prednisolone iliyotumiwa kwa muda mrefu, na dawa za moyo kama atenolol zina hatari zikikatishwa ghafla. Mfamasia akiona tatizo, mwombe aliandike kwa kifupi uipeleke karatasi hiyo kliniki. Na ukiwa umevimba midomo au uso, unapumua kwa shida, umezimia, au unapata choo cheusi kama lami, hayo si mambo ya kupanga miadi famasi. Nenda hospitali mara moja.

Lakini mfamasia si mfanyabiashara?

Pingamizi hili lina uzito. Anayekushauri kuhusu dawa ndiye anayeziuza, na mapitio yanayoisha kwa wewe kununua vitamini mbili ulizokuwa huzihitaji yamekwenda kombo. Lakini malipo ya serikali hayaondoi tatizo hili. England mfamasia alilipwa kwa kila mazungumzo, na lawama iliyojitokeza huko ilikuwa kwamba baadhi ya famasi zilisukumwa kutimiza idadi kuliko kumsikiliza mgonjwa. Kila namna ya kulipana ina mvuto wake. Kinga yako ni swali moja la kuuliza waziwazi: "Kati ya hizi, kuna ambayo ningeweza kuacha kununua?" Mfamasia anayekuonyesha pakiti mbili za dawa moja zenye majina tofauti ya kibiashara, na kukuambia ununue ile ya bei nafuu, amekuonyesha pia kwamba unaweza kumwamini.

Pingamizi la pili ni kwamba daktari atakasirika. Wagonjwa wa England nao walimwona daktari kuwa ndiye mwenye kauli juu ya dawa, na si ajabu hali ikawa hivyo hivyo kwetu. Lakini mapitio hayahukumu ugonjwa wala hayampingi aliyeandika cheti. Daktari wa presha huona dawa za presha. Wa macho huona za macho. Zile ulizojinunulia hazioni yeyote. Orodha kamili ya unachokunywa humrahisishia kazi, na daktari makini huipokea kwa shukrani. Ukihofia, sema tu, "Daktari, nimeandika dawa zangu zote, naomba uzitazame."

Pingamizi la tatu linatoka kwa watafiti wenyewe: mapitio hugundua matatizo mengi ya dawa, lakini ushahidi kwamba mapitio peke yake hupunguza vifo au kulazwa hospitali ni dhaifu. Hilo ni kweli, na linapaswa kukufanya utarajie mambo yenye kipimo: kikohozi kipate maelezo, dawa mbili za aina moja zibaki moja, saa ya kumeza ibadilike iendane na kazi yako. Kwa gharama ya nusu saa, hayo yanatosha. Na kwa anayesema hana tatizo lolote, akumbuke kwamba presha isiyodhibitiwa haiumi, na figo zinazochoka haziumi mpaka zimekwenda mbali. Kujisikia vizuri hakumwambii mtu kama dawa zake zinapatana.

Lini urudie, na ujuaje kama yamekufaa

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya matumizi salama ya dawa, na ndani yake likataja nyakati tano ambazo mgonjwa anapaswa kuuliza: anapoanza dawa, anapoitumia, anapoongezewa nyingine, dawa zake zinapopitiwa, na anapoacha. Kwa maisha yetu, ongeza nyakati nyingine: siku chache baada ya kuruhusiwa hospitali, unapopanga au kugundua ujauzito, kabla ya Ramadhani kwa anayefunga, na kabla ya upasuaji. Nje ya hizo, mara moja kwa mwaka inatosha kwa mtu ambaye dawa zake hazijabadilika.

Kuridhika na upole wa mfamasia si kipimo cha kutosha. Wagonjwa wa England waliridhika pia. Jipime kwa swali hili ukishatoka: kuna jambo gani moja limebadilika? Linaweza kuwa saa ya kumeza, dawa ya kumuuliza daktari, kitu ulichoacha kununua, au sababu ya dawa ambayo hukuwahi kuijua. Ukikosa hata moja, soma tena karatasi yako ya maswali uone ni lipi hukulitoa, na uende nalo safari ijayo. Ukilipata, andika orodha mpya ya dawa zote, kila moja na nguvu yake, saa yake na kazi yake, weka tarehe, nakala moja ibaki kwenye kadi yako ya kliniki na nyingine kwa mtu unayeishi naye.